Sura ya Tano: Mtoto wa Jalalani

Katika Ubukusu kuna jina ambalo kila mwalimu wa Kimilili, Sirisia au Kiminini amewahi kuliita asubuhi akisoma rejista: Makokha. Majina mengi ya Kibukusu ni kalenda. Wafula na Nafula walizaliwa mvua ikinyesha, Simiyu na Nasimiyu wakati wa kiangazi, Wekesa na Nekesa mahindi yakivunwa, Wanjala na Nanjala ghala likiwa tupu. Makokha halina msimu. Limetoka jalalani. Mama aliyezika watoto wawili watatu mfululizo, kisha akajaliwa mwingine, alishuhudia kichanga chake kikipelekwa kulazwa penye takataka za boma kana kwamba hakuna anayekitaka. Mauti yaliyoizoea nyumba ile yakipita yakione kimekwisha kutupwa, yaende zao. Majirani Waluo wana majina yenye maana hiyo hiyo, Owiti na Awiti, watoto "waliotupwa" ili wapone.

Kabla ya sensa na kabla ya vyeti vya kuzaliwa, majina hayo ndiyo yaliyokuwa daftari la vifo. Yanatuambia mahali ambapo akina mama walizika sana. Yanatuambia pia ni nani waliokuwa wakizikwa, na hilo ndilo jambo ambalo mtu akilikosa hataelewa chochote kuhusu kwa nini jirani mmoja anaishi miaka mingi na mwingine michache.

Siku moja huko Misikhu nilikuwa nikieleza takwimu za sensa ya 2019 mbele ya wazee. Nikasema kwamba kwa Kenya nzima, umri unaotarajiwa wa kuishi tangu kuzaliwa ulikuwa miaka 60.6 kwa wanaume na 66.5 kwa wanawake. Mzee mmoja akanyanyua fimbo. "Mwanangu," akasema, "hao wa serikali wanasema tunakufa na miaka sitini. Mimi nilimzika baba akiwa na tisini. Nani anadanganya?"

Nilimjibu kwamba hakuna anayedanganya, nikachukua kijiti tukahesabu mchangani. Nyumba moja ina watoto kumi. Wote kumi wakifika miaka 70, wastani wao ni 70. Sasa wawili wafe wakiwa na mwaka mmoja, na wale wanane wafike 70 kama kawaida. Jumla ni 562. Gawa kwa kumi, wastani umeanguka hadi 56. Mwokoe mmoja tu kati ya wale wawili, akue naye afike 70, na wastani unapanda hadi 63. Mtoto mmoja ameongeza miaka saba kwa nyumba nzima, na hakuna mzee aliyeongezewa hata siku moja. Yule mzee wa Misikhu aliutazama mchanga kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mama yake alizaa kumi na mmoja, wakabaki watano. Baba wa miaka tisini na wale sita walitoka nyumba moja.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema kwamba watu wa mahali fulani "hawaishi sana", huwa namwuliza kwanza habari za watoto.

Chukua mfano wa majirani wawili. Wanaopita barabara ya Kitale kwenda Bungoma wanajua kwamba safari ile haimalizi asubuhi. Unaiacha Kitale, mji wa kaunti ya Trans Nzoia, na baridi yake, unapita Kiminini, ukifika Kamukuywa tayari uko kaunti ya Bungoma. Halafu Misikhu, Webuye, na hatimaye Bungoma mjini. Njiani sweta inavuliwa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma mjini kama mita 1,400. Mita 500 hivi, basi. Kwa sensa ya 2019 Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341 na Bungoma 1,670,570, na maelfu kati yao ni ndugu: koo zilezile, mahari ya huku imelipwa kwa ng'ombe wa kule.

Hadi katiba mpya ilipoleta kaunti, mpaka huo ulikuwa pia mpaka wa mikoa. Trans Nzoia ilihesabiwa Bonde la Ufa, Bungoma ilihesabiwa Magharibi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2003 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Magharibi, 144 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Bonde la Ufa walikuwa 77. Kweli, Bonde la Ufa lilikuwa mkoa mrefu sana, kutoka Turkana hadi Kajiado, na hesabu hiyo haiisemei Kitale peke yake. Lakini tofauti ya watoto 67 katika kila elfu haiwezi kufichwa na upana wa mkoa. Darasa la watoto 15 lingekuwa limepoteza mtoto mmoja zaidi upande mmoja wa mpaka kuliko upande wa pili, hata kabla ya darasa hilo kuanza.

Sababu kubwa kati ya zote ilikuwa na mabawa.

Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi sita na kidogo. Kwa hiyo kati ya Bungoma na Kitale kuna tofauti ya nyuzi tatu hivi. Kwa binadamu hiyo ni tofauti ya sweta. Kwa kimelea cha malaria ni tofauti ya kufa na kupona. Mbu jike akinyonya damu yenye kimelea, kimelea hicho hakiko tayari kuambukiza siku ileile; lazima kikue kwanza ndani ya mbu. Kwenye joto la nyuzi 25 kinahitaji siku kumi na mbili hivi. Kwenye nyuzi 20 kinahitaji karibu wiki nne. Chini ya 18, kinakaribia kusimama kabisa. Na mbu mwenyewe ni nadra kuishi zaidi ya wiki mbili au tatu. Huko chini Bungoma, mbu anaishi muda wa kutosha kuua. Kitale, ambako wastani wa joto uko kwenye nyuzi 18 au 19, mara nyingi anakufa yeye kwanza, na kimelea kinakufa pamoja naye. Tofauti ya umri wa watu katika maeneo haya mawili inaanzia kwenye umri wa mbu.

Mwinuko huu umeandikwa hata ndani ya damu. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Gilgil, alikuja na msafara wa wanafunzi wa Oxford mwaka 1949 akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta watu wengi wenye kurithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, mahali pengine zaidi ya mtu mmoja katika watano. Nyanda za juu hakuwapata ila wachache mno. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba chembe hiyo humkinga mtoto na malaria kali. Malaria ilikuwa imechuja watu kwa vizazi na vizazi, ikaacha waliobeba kinga hiyo. Gharama yake wanaijua wazazi wa Bungoma na Busia: mtoto akiirithi kutoka pande zote mbili, anaumwa selimundu yenyewe, na wengi wa watoto hao walikuwa wakizikwa mapema bila mtu yeyote kujua jina la ugonjwa.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliuona mstari huohuo wa mwinuko kwa njia nyingine. Alikuwa akiletewa watoto wenye uvimbe wa kansa kwenye taya, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza swali moja: mnauona huu hapa? Karibu na ikweta, kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,500 hivi, jibu lilikuwa hapana. Kansa hiyo ilifuata joto na mvua, yaani ilifuata malaria. Ukiuchora mwinuko huo wa mita 1,500 kwenye ramani, Bungoma mjini inabaki chini yake na Kitale juu.

Hadi hapa ingekuwa hadithi ya hewa na wadudu, na mtu angeweza kusema ni mipango ya Mungu. Mimi sikubali, kwa sababu mstari ule haukuachwa na binadamu ubaki wa mbu peke yao. Wazungu walipokuwa wakichagua mahali pa kukaa walichagua juu, na miongoni mwa sababu zao ni hiyo hiyo: kule juu watoto wao hawangekufa kwa homa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa Uingereza waligawiwa mashamba Trans Nzoia. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Wasabaoti waliokuwa wakilisha ng'ombe kwenye nyanda zile walisukumwa kupanda Mlima Elgon. Wabukusu waliwekwa chini kwenye eneo la "wenyeji" na kupanda juu kama vibarua. Mpaka wa mbu ukawa mpaka wa rangi. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walipotaka wageni waondoke kwenye ardhi ile, jibu la serikali lilikuwa gereza, na mwaka 1948 huko Malakisi lilikuwa risasi.

Uhuru ulipokaribia, mpango wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, na Waafrika wakaanza kununua mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, wengine kwa mikopo, wengine kwa kuchangishana. Mwanasiasa Masinde Muliro anakumbukwa hadi leo kwa kuwahimiza watu wake wanunue. Familia zilipanda kutoka Kimilili na Sirisia hadi Kiminini na Cherang'any. Nyingine zilikwenda Ndalu na Naitiri. Kaka mmoja akabaki na kaburi la babu, mwingine akapanda na ng'ombe.

Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Watu wakiona jamii mbili jirani zikitofautiana kwa umri wa kuishi hukimbilia damu, mila, chakula, uvivu au laana. Lakini rejista ya shule ya Kiminini na ile ya Sirisia zina majina yaleyale. Ugali ni uleule, na lugha na misiba ni ileile. Hata ule usemi kwamba Trans Nzoia ni ghala la taifa hauelezi tofauti, kwani utafiti wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya robo ya watoto wa Trans Nzoia wamedumaa, kiwango kilichozidi cha Bungoma. Mahindi yanayopakiwa kwenye malori kwenda Nairobi hayashibishi watoto wa aliyeyapalilia. Kaka aliyepanda hakuwa amebadilika chochote zaidi ya mahali anapolala usiku.

Na usiku huo una mitego yake. Mtu mzima wa Bungoma, aliyeumwa na mbu tangu utotoni na kunusurika, hujenga kinga fulani. Malaria humlaza siku mbili akaamka. Aliyekulia Kitale hana kinga hiyo. Anateremka Krismasi au kwenye mazishi ya shangazi, analala siku tatu bila neti, anarudi kazini, na baada ya siku kumi na kitu anaanza kutetemeka akidhani ni mafua. Wauguzi wa Kitale wenye uzoefu humwuliza mgonjwa wa homa swali la kwanza: ulisafiri? Ndiyo maana wizara ya afya huiweka Trans Nzoia kwenye fungu la nyanda za juu zenye mlipuko wa mara kwa mara, na Bungoma kwenye ukanda wa ziwa ambako malaria haiondoki. Utafiti wa malaria wa mwaka 2015 ulikuta vimelea kwa asilimia 27 ya watoto waliopimwa ukanda wa ziwa, na asilimia 3 nyanda za juu.

Ni nini basi kilichowaua wale 144 katika elfu? Mbu, ndiyo. Lakini malaria ina dawa tangu zamani, na hapa napenda kukaa kidogo kwenye duka la kijijini.

Miaka ya tisini, mtoto akipata homa usiku Bungoma, mama hakwenda zahanati. Zahanati ilikuwa mbali, ilifungwa, au haikuwa na dawa. Alikwenda dukani, palepale panapouzwa sukari na mafuta ya taa, akaomba vidonge kwa shilingi alizokuwa nazo. Shilingi zikitosha vidonge viwili, alipewa viwili. Mtoto alipoa kidogo, akaugua tena. Isitoshe, klorokwini iliyozoeleka ilikuwa imeshindwa nguvu. Vimelea vilikuwa vimeizoea. Mwaka 1998 serikali ilibadilisha tiba, ikaweka dawa ya aina ya Fansidar. Waraka ulitoka Nairobi, ukafika hospitalini. Dukani haukufika. Mwenye duka aliendelea kuuza alichokijua, kwa mama aliyeendelea kuomba alichokizoea.

Wasimamizi wa afya wa wilaya ya Bungoma, wakisaidiwa na shirika la AMREF, wakafikiri hivi: maduka ni mamia na mamia, na sisi hatuwezi kumfundisha kila mwenye duka. Lakini kila mwenye duka hununua dawa zake kwa mtu. Hununua kwa muuzaji wa jumla mjini, au kwa mchuuzi anayepita na baiskeli. Basi wakawafundisha hao, watu 73 tu, wakawapa mabango ya karatasi yenye majina ya dawa zilizoidhinishwa na dozi kwa umri wa mtoto. Bango moja la mwenye duka, lingine la mteja. Mchuuzi akishusha bidhaa anatoa mabango na kuyaeleza. Baada ya miezi michache wakatumwa wanunuzi wa kupangwa, wakajifanya wazazi wenye mtoto mwenye homa. Kwenye maduka yaliyopata mabango, asilimia 32 yaliwauzia dawa iliyoidhinishwa. Kwenye maduka yasiyoyapata, asilimia 3.

Napenda kisa hicho kwa sababu hakuna aliyemlaumu mama, na hakuna aliyemlaumu mwenye duka. Walitazama njia ambayo dawa ilikuwa ikipita tayari, wakapitisha ukweli humo humo. Sitaficha kwamba asilimia 32 maana yake maduka mawili kati ya matatu bado yalikosea. Lakini kutoka 3 hadi 32 kwa karatasi na maneno ya mchuuzi wa baiskeli ni jambo ambalo wilaya nyingine zilipaswa kuliiga siku ileile.

Halafu zikaja neti. Hapa pia kulikuwa na ubishi, na ubishi huo uligharimu maisha. Kwa miaka, wafadhili wengi walishikilia kwamba neti lazima iuzwe hata kwa bei ndogo, kwani cha bure hakithaminiwi. Watafiti waliofuatilia wilaya nne, Bondo, Kisii, Kwale na Makueni, walikuta kwamba mwishoni mwa 2004 ni asilimia 7 tu ya watoto wadogo waliolala ndani ya neti yenye dawa. Kwenye nyumba maskini kabisa, hata asilimia 3 haikufika. Mwaka 2006 serikali ikagawa bure neti milioni 3.4 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kufikia mwisho wa mwaka huo watoto wawili kati ya watatu walikuwa ndani ya neti, na pengo kati ya maskini na wenye nafuu lilikuwa limefutika. Watafiti haohao walikuta kwamba neti ilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 44. Cha bure kilithaminiwa sana. Mwaka huohuo dawa mseto ya artemisinini ilianza kusambazwa vituoni kuchukua nafasi ya Fansidar, ambayo nayo ilikuwa imekwisha nguvu.

Matokeo yake ni haya. Magharibi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 144 kwa elfu mwaka 2003, hadi 121 katika utafiti wa 2008 na 2009, hadi 64 mwaka 2014. Bonde la Ufa vilishuka kutoka 77 hadi 59 hadi 45. Pengo la 67 likawa 19. Mlima haukuhama, hewa haikupoa, mbu hawakufundishwa adabu. Kwa miaka kumi na moja, sehemu kubwa ya tofauti iliyoonekana kuwa ya asili iliondolewa na watu waliobeba mabunda ya neti kwenye pikipiki.

Ugonjwa mwingine ulipita njia tofauti. Ukimwi ndio ulioirudisha Kenya nyuma miaka ya tisini hadi Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Uliwaua watu wazima, na haukufuata mwinuko. Homa Bay na Siaya ziliumia kuliko sehemu zote. Bungoma, iliyo mwendo mfupi kutoka huko, iliumia kwa kiasi kidogo sana. Moja ya sababu ni tohara. Majaribio yaliyofanywa Kisumu hadi Desemba 2006 yalionyesha kwamba hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu, na Wabukusu hutahiri wavulana wao kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti, kwa ngoma na matope ya mtoni. Mila ilikuwa ngao bila mtu kuikusudia. Hata hivyo ngao hiyo ina makali: utafiti uliofuatilia zaidi ya wavulana elfu moja Bungoma, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta matatizo kama kutokwa damu na maambukizi kwa asilimia 35 ya waliotahiriwa kimila, na asilimia 18 ya waliotahiriwa kliniki. Hata kliniki hazikuwa na la kujivunia.

Anayedhani mwinuko unatosha na apande zaidi. Kapsokwony, Kopsiro na Cheptais ziko juu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na hewa yake ni baridi. Lakini ugomvi wa ardhi ya Chebyuk, mtoto wa ule msukumo wa zamani wa Wasabaoti, ulizaa jeshi la msituni la Wasabaoti, SLDF. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa na kundi hilo kabla jeshi la serikali halijaingia Machi 2008 na mateso yake yenyewe. Na Kitale penyewe, mtaa wa Kipsongo, ambako Waturkana waliokimbia njaa na wizi wa mifugo wamekaa kwa miongo kwenye vibanda vya karatasi na matambara, uko mwendo wa miguu kutoka mitaa yenye ua wa michongoma. Hata kule Scotland, tume ya Shirika la Afya Duniani iliripoti mwaka 2008 kwamba mwanamume wa Calton, mtaa wa Glasgow, angetarajia kuishi miaka 54, na wa Lenzie, kilomita chache tu kutoka hapo, miaka 82. Hakuna malaria Glasgow.

Na kuna kifo ambacho neti haikizuii, cha mtoto mchanga wa siku za kwanza na cha mama yake. Juni 2013 uzazi ulitangazwa kuwa bure katika hospitali za umma nchini. Agosti mwaka huohuo, kwenye hospitali ya umma mjini Bungoma, mwanamke aliyekosa mtu wa kumhudumia alijifungua sakafuni, akatukanwa. Alikwenda mahakamani. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilisema haki zake zilivunjwa na kuamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Namheshimu mama huyo kwa namna ambayo maneno hayatoshi. Neno "bure" lilikuwa limezijaza wodi bila kuongeza vitanda wala wakunga, na ni yeye aliyelazimisha jambo hilo liandikwe kwenye hukumu.

Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay, nayo ikapelekwa kwenye sehemu za kaunti nane za ukanda wa ziwa, Bungoma ikiwamo. Trans Nzoia haikuwamo. Kimelea ni kichache mno kule juu. Kwa mara ya kwanza ule mstari wa mita 1,500 ulimpa wa chini kitu ambacho wa juu hakupewa. Sindano zilipangwa nne: mtoto akiwa na miezi sita, saba, tisa, na ya mwisho akitimiza ishirini na minne. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mtoto wa miaka miwili anakimbia, anacheka, haumwi, na mama ana shamba la kupalilia. Utafiti wa malaria wa 2020 ulikuta ile asilimia 27 ya ukanda wa ziwa imeshuka hadi 19, na ile 3 ya nyanda za juu hadi 1, kwa hiyo kazi bado ipo, na iko palepale ilipokuwa.

Nilikaa asubuhi moja kwenye benchi la kliniki ya watoto huko Bungoma, jua likipanda, akina mama wakipepea vijitabu vyao. Muuguzi alikuwa akiita majina kwa mfululizo wa mvua na mavuno: Nafula, Wekesa, Nasimiyu. Kisha akaita Makokha. Akainuka mama kijana na mvulana mnene wa miaka miwili, amekuja kwa sindano ya nne. Nilimwamkia, tukazungumza, nikamwuliza kwa upole kama aliwahi kufiwa. Alishangaa swali lenyewe. Huyu alikuwa mtoto wake wa tatu na wote wako hai. Jina, akanieleza, ni la babu yake mumewe. Wabukusu humrudisha marehemu kwa kumpa mtoto jina lake, hasa marehemu aliyeishi vizuri, na mzee huyo alikufa na miaka themanini na minne, akiwa bado anakamua ng'ombe wake mwenyewe.